Jinsi ya Kuisikiliza "Focus" ya Cynic: Mwongozo Kamili kwa Sikio Lisilozoea Jazi Ndani ya Deth-Metali

Watu wengi niliowapa Focus, albamu ya kundi la Cynic la deth-metali (roki nzito yenye uimbaji wa kunguruma), waliirudisha kabla dakika tatu hazijaisha. Binamu yangu, anayepiga dramu kwenye kwaya ya kanisa letu, alitoa hedifoni akaniuliza, "Kaka, huyu anayenguruma kakasirishwa na nini?" Kisha akanirudishia simu yangu. Sikumlaumu. Nami mara ya kwanza niliishia hapohapo.

Shida ni mlango waliouingilia. Wanabonyeza wimbo wa kwanza, wanakutana na mngurumo, wanageuza. Lakini nyumba hii ina mlango wa uani unaoingilia jikoni, palepale chakula kinapopikwa: kwa mpiga dramu na mpiga besi. Ukiingia kwa huko, kufika sebuleni utakuwa umeshashiba na ule mngurumo hautakutisha tena. Nimewapitisha watu kadhaa kwa njia hiyo, akiwemo huyo binamu, na nitakueleza kama ninavyowaeleza wao.

Albamu yenyewe ni fupi: nyimbo nane, dakika kama 36. Ilitoka Septemba 1993 kupitia Roadrunner Records. Jipe wiki mbili. Usiimalize kwa usiku mmoja.

Kabla ya kubonyeza

Spika ya simu haifai hata kidogo. Nusu ya uzuri wa albamu hii umo kwenye besi, na spika ya simu haitoi besi. Hedifoni za kawaida zenye waya zinatosha, mradi zote mbili ziwe zinafanya kazi, maana kuna magitaa mawili na mara nyingi moja liko kulia, jingine kushoto. Ukisikiliza kwa sikio moja unapata nusu ya mazungumzo.

Tafuta toleo la 1993. Lipo toleo la 2004 lenye nyongeza mwishoni, halina ubaya, ila usizifikie nyongeza kwanza. Lipo pia lile lililochanganywa upya mwaka 2023 kwa jina la ReFocus. Hilo liweke kwa ajili ya baadaye, ukishaijua albamu kiasi cha kugundua kilichosogezwa.

Kama una programu ya kusawazisha sauti kwenye simu, iache kama ilivyo. Watu hupandisha besi hadi mwisho wakidhani wataisikia vizuri, kumbe wanapandisha ngoma ya mguu, nayo inamfunika mpiga besi.

Hatua ya kwanza: wajue wanaopiga

Cynic ilianzia Miami, Florida, mwaka 1987. Katika albamu hii Paul Masvidal anapiga gitaa na kuimba kwa ile sauti inayofanana na mashine. Jason Gobel ni gitaa la pili. Sean Malone ni besi. Sean Reinert ni dramu. Anayenguruma ni Tony Teegarden.

Wasikudanganye kwamba hawa ni wanajazi waliokwenda kuitembelea deth-metali kama watalii. Walizaliwa ndani ya nyumba hiyo. Masvidal na Reinert walipiga kwenye Human, albamu ya kundi la Death iliyotoka 1991, na Death ni miongoni mwa makundi yaliyouanzisha mtindo wenyewe. Focus nayo ilirekodiwa Morrisound, studio ya Tampa, pamoja na mtayarishaji Scott Burns, palepale ambako sehemu kubwa ya deth-metali ya Florida ilikuwa ikirekodiwa. Ila vijana hawa wakirudi nyumbani walikuwa wakisikiliza jazi ya umeme: Mahavishnu Orchestra, Allan Holdsworth, Chick Corea. Kwa hiyo jazi iliingia kwa watoto wa nyumbani.

Kitu kingine cha kujua ni kimbunga. Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa Florida, kikaibomoa nyumba ya akina Gobel na mahali walipokuwa wakifanyia mazoezi. Kurekodi kukasogezwa mbele kwa miezi. Ninavyosikia mimi, subira ile imo ndani ya muziki. Ukilinganisha nyimbo zilizokuwepo tayari kwenye demo (rekodi ya majaribio) ya 1991, yaani "Uroboric Forms" na "The Eagle Nature", na zile nyingine, utasikia watu waliopata muda wa kufikiri. Tutalirudia hili.

Hatua ya pili: anza na wimbo wa saba

Ndiyo, wa saba. Unaitwa "Textures" na hauna mwimbaji hata mmoja. Hapo ndipo jikoni. Usikilize mara tatu, kila mara kwa kazi moja tu.

Mara ya kwanza mfuate Malone peke yake. Usijali kingine chochote. Katika deth-metali ya kawaida besi hujificha chini ya gitaa na kurudia yaleyale, hata watu hujiuliza kama mpiga besi alikuja studio siku ile. Hapa besi inaimba. Inateleza kutoka noti hadi noti bila kupanda ngazi, kwa sababu Malone anatumia besi isiyo na freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa. Ukiwahi kusikiliza taarab kwa makini, sauti hiyo unaijua: udi nao hauna freti, na ndiyo maana mpigaji wake anaweza kuivuta noti ikalia. Malone anapiga pia Chapman Stick, chombo chenye nyuzi nyingi kinachogongwa kwa vidole vya mikono yote miwili badala ya kukwaruzwa. Ukisikia noti za chini zinazodondoka safi na haraka kama matone kwenye bati, fikiria vidole vinavyogonga.

Mara ya pili, sikiliza shaba tu. Achana na ngoma zote, sikiliza matoazi, hasa lile kubwa la upande ambalo wapiga dramu huliita raidi. Mpiga dramu wa metali kwa kawaida hulitumia kama nyundo, pigo moja baada ya jingine kwa nguvu ileile. Reinert analizungumzisha. Anapiga kwa nguvu, kisha mara mbili taratibu, kisha anahamia kwenye kitovu cha toazi ambako sauti ni kali kama kengele, kisha anarudi ukingoni. Huo ndio mkono wa jazi. Katika jazi wakati hukaa kwenye toazi, na ngoma ya mguu hutia neno panapohitajika. Reinert anaweka wakati kwenye toazi kama mwanajazi, huku miguu yake ikikimbia kama ya mpiga metali. Mimi ningesema moyo wa albamu nzima uko hapo, na mtu akinipa dakika moja tu nimweleze Focus ni nini, nitamwambia asikilize mkono wa kulia wa Reinert.

Mara ya tatu, funga macho usikilize magitaa mawili. Moja likisema, jingine linajibu au linaweka noti iliyokosekana. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi hapa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu: solo, ridhimu na besi kupishana bila kugongana tumevisikia tangu utotoni. Hawa wanafanya kazi hiyohiyo kwa lafudhi nyingine.

Hatua ya tatu: jifunze kuhesabu kwa mdomo

Hapa ndipo wengi hukata tamaa wakisema muziki hauna mpango. Mpango upo. Ni kwamba hauhesabiki kwa nne kila wakati.

Tuache nadharia, tutumie maneno. Sema "piga" huku ukigonga meza kwa kila silabi: pi-ga. Hiyo ni mbili. Sema "tupige": tu-pi-ge. Hiyo ni tatu. Sasa unganisha:

Piga, tupige. Piga, tupige. Hiyo ni tano.
Piga, piga, tupige. Piga, piga, tupige. Hiyo ni saba.
Tupige, tupige, piga. Hiyo ni nane, lakini si ile nane uliyoizoea ya kugawanyika nne kwa nne.

Rudia kila mstari bila kusimama hadi mdomo uende wenyewe, ukitia mkazo kwenye silabi ya kwanza ya kila neno. Mizani zote za ajabu unazosikia kwenye muziki huu ni mbili-mbili na tatu-tatu zilizopangwa kwa mfuatano tofauti. Ukikutana na kipande kinachokupotezea hatua, usihesabu namba. Tafuta penye mkazo, halafu weka "piga" au "tupige" hadi maneno yakae.

Ukishaweza hilo, fanya zoezi la mikono. Kulia gonga mara tatu katika muda uleule ambao kushoto unagonga mara mbili. Mtu wa Pwani aliyekua akisikia chakacha tayari anacho kitu hiki mwilini, tatu na mbili zikiishi ndani ya mzunguko mmoja. Kwa wengine itachukua siku mbili tatu. Cynic wanakitumia mno: gitaa linakwenda kwa tatu, ngoma inashikilia mbili, na wewe ukishikamana na upande mmoja tu unaona mwingine umepotea njia.

Binamu yangu alifanyia zoezi hili kwenye ndoo ya plastiki barazani, imegeuzwa chini juu, hedifoni sikioni. Kidole cha kulia kilikuwa kwenye ukingo wa ndoo, ule mgumu, cha kushoto katikati panapotoa sauti nzito. Kwa dakika kumi hivi alikuwa akikosea mahali palepale. Akikosea anasimama, anarudisha wimbo nyuma, anaanza tena. Halafu nikaona kidole cha kulia kimepunguza nguvu. Kikaanza kugusa ukingo kidogokidogo kati ya mapigo makubwa, vipigo hafifu ambavyo hakuna aliyemwambia aviweke. Hakunitazama. Aliendelea hadi wimbo ukaisha, akasema tu, "Kumbe hapigi haraka. Anajaza."

Hivyo ndivyo ilivyo. Vipigo hafifu kati ya vipigo vikubwa, vingi vikiwa kwenye snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ndivyo vinavyofanya dramu za Reinert zionekane kama maji yanayotiririka hata pale wimbo unapokwenda polepole.

Hatua ya nne: elewa kwa nini sauti ya gitaa inabadilikabadilika

Utagundua kwamba gitaa linakwaruza kwa ukali, kisha ghafla linasafika kama limeoshwa, kisha linarudi kwenye ukali. Wapo wanaodhani ni mapambo. Ipo sababu ya kisauti, na ukiijua utasikiliza metali yote kwa namna nyingine.

Distosheni, yaani ule mkwaruzo wa umeme, inapoikaba sauti ya gitaa, noti zinazopigwa pamoja huzaa sauti za ziada ambazo hukuzipiga. Noti mbili zinazopatana sana, kwa mfano do na sol, huzaa sauti za ziada zinazopatana nazo, ndiyo maana gitaa la metali hupenda kodi (noti zinazopigwa pamoja) za noti mbili tu, nazo hutoka nene na safi. Lakini kodi za jazi zina noti nne, tano, na baadhi ziko karibukaribu. Ukizipitisha kwenye distosheni nzito sauti za ziada zinagombana, unapata tope.

Basi mtu anayetaka vyote viwili ana njia chache. Anaweza kuizima distosheni pale kodi inapopanuka, na Cynic wanafanya hivyo. Anaweza kuivunja kodi noti moja moja, nalo wanalifanya sana. Au anaweza kuigawa: gitaa hili noti mbili, lile mbili, besi ile ya tano, na kodi nzima ikaundwa hewani kati ya watu watatu. Njia hii ya tatu ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Jaribu kuikamata kwenye "Textures", kisha kwenye "Veil of Maya". Magitaa yao yaliunganishwa pia na sinthesaiza, chombo kinachounda sauti kwa umeme, kwa hiyo zile sauti pana za nyuma zinazofanana na kinanda huenda zinatoka kwenye nyuzi za gitaa.

Hatua ya tano: sasa sauti za watu

Umeshakaa jikoni siku kadhaa. Ingia ndani.

Kuna sauti mbili kuu. Ya Masvidal imepitishwa kwenye vokoda. Chombo hiki huichukua sauti ya mtu, huigawa katika tabaka kuanzia za chini hadi za juu, hupima kila tabaka lina nguvu kiasi gani, kisha hukilazimisha chombo kingine kitoe nguvu zilezile kwa mpangilio uleule. Unachosikia ni chombo kinachotamka maneno. Ndiyo maana sauti haina pumzi wala mkwaruzo wa koo, inaelea tu.

Ya Teegarden ni kinyume chake, koo tupu. Mngurumo wa aina hii hauna noti unayoweza kuiimba, na hapo ndipo ushauri wangu ulipo: usiusikilize kama wimbo, usikilize kama ngoma. Angalia silabi zake zinaangukia wapi. Mara nyingi zinaangukia juu ya ngoma ya mguu au snea, yaani mwimbaji amekuwa kiungo cha tano cha mpiga dramu. Mtu akishausikia hivyo mara moja, hofu huisha.

Kisha sikiliza wanavyopokezana. Maneno ya albamu yanahusu mambo ya roho, mengi yakitoka kwenye fikra za Kihindi ambazo Masvidal alikuwa akizifuata. "Veil of Maya" ni pazia la maya, ule udanganyifu unaotufanya tuuone ulimwengu kama ndio ukweli wenyewe. Uroboric inatokana na picha ya kale ya nyoka anayejila mkia. Kwa hiyo mngurumo hapa hauhubiri damu na makaburi kama desturi ya deth-metali. Mimi nausikia kama mwili unaohangaika, na vokoda kama kitu kilichokwisha kutoka mwilini. Wewe unaweza kusikia kingine, lakini sikiliza ukijua kwamba zile sauti mbili zinajibizana.

Hatua ya sita: albamu nzima, kwa mpangilio wake

Chagua muda ambao hakuna atakayekuita. Dakika 36, mfululizo.

"Veil of Maya" inafungua na inakupa kila kitu mara moja, ndiyo maana ni mlango mbaya kwa mgeni lakini mzuri kwako sasa. Ukali, kusafika, vokoda, mngurumo, besi inayoimba, yote ndani ya dakika tano na kidogo. Zingatia jinsi wanavyotoka kwenye ukali kwenda kwenye utulivu: hawafungi mlango kwa kishindo, Reinert anahamisha mkono wake kwenye toazi kwanza, na wengine wanamfuata.

"Celestial Voyage" ni fupi na inapita kama jina lake. Kwenye "The Eagle Nature" kumbuka nilichosema kuhusu demo: huu ni wa zamani, na unasikia bado wana haraka ya ujana. "Sentiment" usikilize kwa ajili ya nafasi, jinsi wanavyoacha uwazi.

"I'm But a Wave to..." ndio ninaoupenda kuliko yote. Nimeusikiliza kwa miaka na bado kuna mahali besi inapanda juu ya magitaa, nami huacha ninachofanya. Usikilize mara mbili kabla ya kuendelea.

"Uroboric Forms" ni wa zamani pia, mkali kuliko wote. Ukifika hapa utaweza kupima safari yao kwa masikio yako: hawa ni vijana walewale, lakini huu ulitungwa kabla ya kimbunga. Baada yake "Textures", rafiki yako wa kwanza, sasa akiwa mahali pake. Utashangaa jinsi unavyousikia tofauti ukitanguliwa na ule ukali. Na "How Could I" inafunga kwa solo ya gitaa isiyo na haraka ya kuonyesha kasi, inayoimbika. Ukijikuta unaipigia mluzi kesho yake jikoni, umeshafika.

Hatua ya saba: tembelea majirani

Usikae na albamu moja. Sikiliza Human ya Death kwanza, uwasikie Reinert na Masvidal kwenye kazi ya mtu mwingine. Kisha nenda Atheist, nao wa Florida, albamu ya Unquestionable Presence, 1991. Mpiga besi wao Roger Patterson alifariki kwenye ajali ya gari mwaka huohuo kabla ya kurekodi, na aliyechukua nafasi ni Tony Choy, aliyekuwa Cynic. Mistari mingi ya besi aliiacha marehemu, na unasikia besi imewekwa mbele kama mtu anayeheshimiwa. Halafu Spheres ya Pestilence, kundi la Uholanzi, 1993, mwaka uleule wa Focus. Ile ni baridi zaidi na magitaa yake yamezama kwenye sinthesaiza. Mimi siipendi sana, lakini isikilize.

Upande wa pili nenda kwenye chemchemi: The Inner Mounting Flame ya Mahavishnu Orchestra, 1971. Sikiliza dramu za Billy Cobham. Mkono wa Reinert utautambua bila kuelekezwa.

Mwisho rudi kwa Cynic wenyewe. Walivunjika 1994, baada ya kuzunguka Marekani na Cannibal Corpse, kundi jingine la deth-metali, mbele ya mashabiki ambao wengi hawakujua wafanye nini na vokoda. Walirudi 2006, na mwaka 2008 wakatoa Traced in Air. Reinert alifariki Januari 2020. Malone alifariki Desemba mwaka huohuo. Siku niliposikia habari ya Malone niliweka "Textures" nikafanya lile zoezi la kwanza, besi peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho.

Binamu yangu ameichukua albamu, simu haijarudi mezani tena. Jumapili iliyopita, kwaya ikiimba pambio la polepole, nilimsikia amehamia kwenye raidi na kuanza kujaza kati ya mapigo, hafifu kabisa. Mwalimu wa kwaya aligeuka akamtazama. Kisha akaendelea kuelekeza, na yeye akaendelea kujaza.